Biashara ya kijarida: Chapa nakala chache, lipwa kwanza

Na Mwandishi Maalumu

MZEE mmoja mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, aliniita pembeni baada ya kikao cha wakulima kilichokuwa kikizungumzia bei za pembejeo. Nilidhani anataka kuniuliza habari za mbolea. Haikuwa hivyo.

"Mwanangu," alisema, "wewe umesomea uchumi. Kijana wangu yuko Iringa mjini, ameacha kazi ya kuuza duka. Anataka nimpe shilingi 600,000 atengeneze gazeti la wanamuziki wasiojulikana. Nimpe au nisimpe?"

Fedha hizo, alinieleza, alikuwa amezitenga kwa ajili ya mbolea na dawa za msimu unaofuata. Akizitoa na gazeti lisiuzike, hatapoteza shilingi 600,000 peke yake. Atapoteza na mavuno ambayo yangepatikana kwa fedha hizo. Sisi wachumi tunaita hiyo gharama ya fursa iliyoachwa, lakini mzee yule hakuhitaji jina hilo. Alikuwa anaiona shambani kwake.

Nikaomba nionane na kijana. Alikuja na daftari lililojaa michoro, na lazima niseme ukweli, kazi ilikuwa nzuri. Alitaka kijarida cha kurasa 16, chenye mahojiano na wachanaji wa hip hop wanaorekodi kwenye studio za vyumbani, picha za wachoraji wa kuta, mashairi ya vijana na ratiba ya maonesho. Alipanga kuchapa nakala 500 zenye jalada la rangi. Nikamuuliza nani atazinunua. Akajibu, "Watu wote wa hip hop."

Msomaji wangu, jibu hilo halina tofauti na la mkulima anayesema nyanya zake zitaliwa na watu wote wa Dar es Salaam. Zinaweza kuliwa kweli. Lakini nani hasa atalipa, lini, na fedha itapita mikononi mwa nani kabla ya kukufikia?

Makala haya ni jibu nililompa mzee yule, nikiongeza kidogo niliyoyasoma kuhusu wenzetu waliowahi kufanya biashara hii. Naamini litamfaa pia mzazi mwingine anayeombwa mtaji wa jambo asilolielewa, na mfanyabiashara mdogo anayeanza kitu ambacho hakijawahi kuuzwa mtaani kwake.

Kijarida hiki ni kitu gani

Huko Uingereza na Marekani chapisho la aina hii huitwa zine. Ni kijarida kinachotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo, kwa fedha yao wenyewe, kuhusu jambo wanalolipenda na ambalo magazeti makubwa hayaligusi. Mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi nchini Marekani walikuwa na vijarida vya namna hiyo tangu miaka ya 1930. Baadaye mashabiki wa muziki nao wakachukua mtindo huo.

Muziki wa namna hii sisi tunauita wa andagraundi. Ni muziki wa wasanii ambao bado hawachezwi redioni, wanaojulikana mtaa mmoja au miwili, na ambao wasikilizaji wao ni wachache lakini wanawapenda kweli. Kwa mtazamo wa biashara, hilo ni soko dogo lenye mteja mwaminifu. Soko la aina hiyo lina faida yake, ila halisamehe anayelikadiria kuwa kubwa kuliko lilivyo.

Nakala 50 za karani wa benki

Mwezi Julai mwaka 1976, kijana wa miaka 19 aitwaye Mark Perry, karani wa benki jijini London, alikuwa amevutiwa na bendi ya Kimarekani ya Ramones. Aliona magazeti ya muziki hayaandiki vya kutosha kuhusu muziki huo mpya ulioitwa punk. Akaamua kuandika mwenyewe. Alitumia taipureta ya mtoto na kalamu nene ya wino kuandikia vichwa vya habari, akatoa kijarida kilichoitwa Sniffin' Glue. Jina hilo linahusu kunusa gundi, nami simshauri kijana yeyote aige jina wala tabia. Ila hesabu yake inafaa kuigwa.

Toleo la kwanza lilikuwa nakala kama 50 hivi. Mchumba wake ndiye aliyezitoa fotokopi kazini kwake. Hapakuwa na jalada la rangi wala mkopo, na Perry alikuwa bado na kazi yake benki. Kama zile 50 zingekataliwa, hasara ingekuwa karatasi na jioni kadhaa.

Hazikukataliwa. Kadiri wasomaji walivyoongezeka ndivyo alivyoongeza nakala, na kufikia mwaka 1977 inakadiriwa zilikuwa zikitoka 15,000 kwa toleo. Akaacha kazi ya benki. Kijarida kiliishia toleo la 12 mwaka huo huo wa 1977, baada ya Perry mwenyewe kuona kimetimiza kazi yake, huku akiwahimiza wasomaji waanzishe vya kwao. Wengi walifanya hivyo.

Zingatia mfuatano wa mambo. Alianza na nakala 50, akaona zinatoka, akaongeza, na kuacha kazi kukaja baadaye. Kijana wa mzee wetu alikuwa amegeuza mfuatano huo. Alianza kwa kuacha kazi, akataka nakala 500, halafu ndipo atafute msomaji.

Kijarida kilichozaa kampuni

Mfano wa pili ni mrefu zaidi na una machungu ndani yake. Mwaka 1980, mwanafunzi aitwaye Bruce Pavitt, katika mji mdogo wa Olympia, jimbo la Washington huko Marekani, alianzisha kijarida kilichoitwa Subterranean Pop, yaani muziki wa pop wa chini ya ardhi. Aliandika kuhusu bendi ndogo ambazo kampuni kubwa za santuri zilikuwa hazizitazami. Baada ya matoleo machache alifupisha jina kuwa Sub Pop.

Kisha akafanya jambo la busara ya kibiashara. Alianza kupishanisha toleo la karatasi na toleo la kanda ya kaseti lenye nyimbo za bendi mbalimbali alizokuwa akiziandika. Msomaji akawa anasoma habari za bendi na kuisikia pia. Kanda iliyokuwa toleo la tano, iliyotoka mwaka 1982, iliuza nakala 2,000. Kwa lugha ya wakulima tungesema aliongeza thamani ya zao, kama anayeacha kuuza alizeti ghafi akaanza kukamua mafuta. Mteja alibaki yule yule, lakini alichonunua kilikuwa na bei nzuri zaidi.

Pavitt alihamia Seattle mwaka 1983, kijarida kikafikia toleo la tisa na la mwisho, lakini jina halikufa. Liliendelea kama safu katika gazeti moja la muziki la mji huo, na mwaka 1986 likatumika kwenye santuri yenye mkusanyiko wa nyimbo za bendi mbalimbali. Mwaka 1988 yeye na mwenzake Jonathan Poneman waliacha kazi zao na kusajili kampuni. Tangu toleo la kwanza ilikuwa imepita miaka minane.

Mwaka huo huo walitoa santuri ndogo ya kwanza ya bendi iliyokuwa haijulikani, iitwayo Nirvana. Walichapa nakala 1,000 tu na kuzipa namba moja moja. Uchache huo ulikuwa sehemu ya mvuto wake, kwani aliyeipata alijua kwamba wengi hawatakuwa nayo. Ikawa ndiyo santuri ya kwanza katika mpango ambao wanachama walilipa ada mapema na kupelekewa santuri moja kila mwezi kwa posta. Mwaka 1990 mpango huo ulifikia wanachama 2,000.

Hapa ndipo ningependa mkulima anisikilize kwa makini. Katika mazao mengi sisi tunawekeza mbegu, mbolea, dawa na vibarua, tunasubiri miezi mitatu au minne, ndipo tunaonana na mnunuzi. Fedha inatoka kwetu kwanza na inarudi mwisho, ikirudi. Vijana wa Seattle waligeuza mkondo huo. Mnunuzi alilipa kwanza, kisha bidhaa ikatengenezwa. Kilichomfanya mtu atoe fedha kwa santuri ambayo hajaisikia ni imani iliyojengwa na kijarida miaka kadhaa nyuma. Pavitt alikuwa ameandika bila kusifia hovyo, na wasomaji walijua kwamba akisema bendi hii ni nzuri, ni nzuri. Imani hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wake.

Fedha ya mteja si faida

Lakini kulipwa mapema kuna mtego, na wenzetu hao walinaswa. Fedha ya mwanachama aliyelipia miezi 12 si faida siku unapoipokea. Ni deni. Unadaiwa bidhaa 12, na kila moja ina gharama yake. Ukizitumia zote mwezi wa kwanza kwa kodi ya ofisi na vitu vya kupendeza, mwezi wa nne utakuwa unatafuta fedha ya kumtengenezea mtu aliyekwisha kukulipa.

Waliposajili kampuni mwaka 1988 walikuwa wamekusanya dola 43,000. Kwa maelezo ya Pavitt mwenyewe, fedha hizo ziliisha ndani ya siku 30 hivi. Kufikia mwaka 1991 kampuni ilikuwa karibu kufilisika, wafanyakazi wakapunguzwa, na wadai wakawa wanapiga simu kila siku. Walifikia hatua ya kutengeneza fulana zenye maandishi ya kuwauliza watu ni sehemu gani ya taarifa kwamba hawana fedha ambayo hawaielewi. Utani huo ulichekesha, lakini hali yenyewe haikuwa ya mzaha.

Kilichowaokoa ni karatasi moja. Mwaka 1989 bendi ya Nirvana ndiyo iliyotaka mkataba wa maandishi, nao wakauandaa. Mwaka huo ilitoka albamu ya kwanza ya bendi hiyo, Bleach, iliyorekodiwa kwa dola 606 na senti kidogo. Bendi ilipoondoka kwenda kampuni kubwa, mkataba ule uliifanya kampuni hiyo iwalipe Sub Pop fedha za kuuvunja pamoja na asilimia ndogo ya mauzo ya baadaye. Albamu iliyofuata, Nevermind, ilitoka Septemba 1991 na kuuza mamilioni ya nakala duniani. Asilimia ndogo ya mamilioni ikainusuru kampuni. Mwaka 1995 kampuni ya Warner ilinunua asilimia 49 ya Sub Pop.

Nasisitiza kwamba hilo la Nirvana ni bahati, na bahati haiingizwi kwenye mpango wa biashara. Kijana asimwambie baba yake kwamba na yeye atampata Nirvana wake. Ila mkataba si bahati. Wangepeana mikono tu bila kuandika, bahati ingepita mlangoni kwao ikaenda kwa jirani.

Dalali na mali kauli

Mfano wa tatu ni wa kijarida kilichokufa. Punk Planet kilianza mwaka 1994 na makao yake yalikuwa Chicago. Kilikuwa na heshima, kikiandika juu ya muziki, sanaa na mambo ya jamii, na kilitoa matoleo 80. Mwaka 2007 kilifungwa. Wasomaji na watangazaji walikuwa wamepungua, lakini tatizo kubwa mojawapo lilikuwa la msambazaji.

Biashara ya majarida huko, kama ilivyo huku, huendeshwa kwa mali kauli. Mchapaji anampa msambazaji nakala, msambazaji anazipeleka madukani, zikiuzwa fedha inarudi kwa njia ile ile, na zisizouzwa zinahesabiwa kuwa hasara ya mchapaji. Inaweza kupita miezi mingi kabla ya malipo. Punk Planet kilisambazwa na chombo cha umoja wa wachapishaji wadogo kilichoitwa Independent Press Association. Chombo hicho kiliyumba, malipo yakachelewa, na mwanzoni mwa mwaka 2007 kikafilisika huku kikiwa kinadaiwa na majarida mengi madogo. Kampuni kubwa ingeweza kusubiri au kufuta deni hilo. Kijarida hakina akiba ya kusubiria.

Mkulima wa Ilula hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anajua maana ya kupakia matenga kwenye lori usiku, kisha kesho yake akapigiwa simu kuambiwa soko limeshuka, nyingine zimeharibika njiani, na fedha itatumwa wiki ijayo. Hakuwepo sokoni, hakuona mzani, na hana karatasi.

Wasanii wetu nao wamelipitia hilo. Miaka ya 2000, wakati Bongo Fleva inauzwa kwa kanda na baadaye CD, malalamiko ya wasanii wengi yalikuwa kwamba msambazaji ndiye pekee aliyejua idadi ya nakala zilizotoka, na juu ya hapo palikuwa na nakala za wizi. Mwaka 2013 Serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye bidhaa za muziki na filamu, na kupambana na nakala hizo ilikuwa mojawapo ya sababu. Asiyejua idadi yake mwenyewe hawezi kudai haki yake.

Sisemi dalali ni adui. Dalali anafika mahali ambapo wewe hufiki. Nasema kijarida cha nakala 50 hakihitaji dalali, na nakala za mwanzo unapaswa kuziuza kwa mkono wako, mlangoni mwa onesho na kwenye kibanda cha kinyozi, ili umwone mnunuzi kwa macho na kusikia anachosema anapofungua ukurasa wa kwanza.

Hesabu tuliyopiga pale Ilula

Tulikaa chini ya mti na daftari la kijana tukapiga hesabu mbili. Bei nilizotumia ni za mfano, kwa hiyo msomaji aweke za mtaani kwake.

Hesabu ya kwanza ni mpango wake mwenyewe. Nakala 500 kwa shilingi 600,000 ni shilingi 1,200 kwa nakala moja. Akiuza shilingi 2,000 na zote zikaisha, atapata shilingi 1,000,000, yaani faida ya shilingi 400,000. Inapendeza. Lakini ili arudishe tu fedha ya baba yake, lazima auze nakala 300. Akiuza 150, mkononi atakuwa na shilingi 300,000, hasara shilingi 300,000, na nakala 350 chini ya kitanda. Karatasi haiozi kama nyanya, ila habari iliyo juu yake inaoza. Nani atanunua mwezi Agosti ratiba ya maonesho ya mwezi Mei?

Hesabu ya pili ni ya fotokopi. Kurasa 16 za nusu karatasi ya A4 zinatoka kwenye karatasi nne zilizochapwa pande zote mbili, yaani pande nane. Tukichukua shilingi 100 kwa upande, nakala moja ni shilingi 800, na nakala 50 ni shilingi 40,000. Ongeza shilingi 10,000 za kuchapa nakala mama, pini za kubania na nauli. Jumla shilingi 50,000, sawa na shilingi 1,000 kwa nakala. Akiuza shilingi 1,500 na zote zikaisha, anapata shilingi 75,000, faida shilingi 25,000. Akiuza nakala 34 amerudisha gharama yote.

Sasa angalia mali kauli inavyoila hesabu hiyo. Akiacha nakala 20 madukani kwa ahadi na asilipwe, hata akiuza zile 30 zote kwa fedha taslimu atapata shilingi 45,000. Amepata hasara ya shilingi 5,000 wakati watu wote 50 wamesoma na kusifu. Na duka likitaka shilingi 500 kwa kila nakala, kinachorudi ni shilingi 1,000 ile ile aliyotumia. Hapo amefanya kazi bure.

Tukajaribu pia malipo ya mapema. Wasomaji 20 wakilipa shilingi 7,500 kila mmoja kwa matoleo sita, badala ya shilingi 9,000, zinapatikana shilingi 150,000. Kati ya hizo, shilingi 120,000 si zake. Ni gharama ya nakala 120 anazodaiwa. Za kwake ni shilingi 30,000, na hata hizo asiziguse hadi toleo la sita litoke. Nikamwambia aandike kurasa mbili tofauti, moja ya fedha aliyonayo na nyingine ya nakala anazodaiwa, na kila jioni azisome zote mbili.

Utaona kwamba sikuweka ujira wake. Faida ya shilingi 25,000 kwa usiku wote ule wa kuandika si mshahara. Ni kosa lile lile tunalofanya mashambani, tunaposema gunia limeleta faida huku hatujahesabu jasho la mke na watoto. Ndiyo maana nilimshauri arudi kuuza duka, kijarida kiwe kazi ya jioni hadi kithibitishe kwamba kinaweza kumlipa. Perry alikuwa na benki yake, na Pavitt alisubiri miaka minane.

Fedha nyingine inaweza kutoka kwenye matangazo. Kinyozi, fundi simu, muuza mitumba na mwenye studio wanahitaji wateja vijana, na hawawezi kulipia tangazo redioni. Mfanyabiashara mdogo unayesoma hapa, kipande cha ukurasa kwa bei ya soda kadhaa kinaweza kukufaa, mradi umwombe mwenye kijarida akuoneshe kilipouzwa. Kwa upande wake, mwenye kijarida asikubali tangazo linalomlazimisha kusifia asichokiamini. Kijarida cha Maximum Rocknroll cha California, kilichoanza mwaka 1982, kilikataa matangazo ya kampuni kubwa za muziki, na kiliendelea kuchapishwa kwenye karatasi hadi mwaka 2019. Wasomaji walikilipia kwa sababu walijua hakijanunuliwa.

Sheria kabla ya wino

Udogo wa kijarida haukiondoi kwenye sheria. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka machapisho ya habari yawe na leseni. Kabla ya kuchapa, kijana aende au aulize Idara ya Habari, MAELEZO, apate masharti yanayohusu chapisho la aina yake, na ada yake iingie kwenye hesabu. Hesabu niliyoonesha hapo juu haina ada hiyo.

Aidha, mashairi, picha na michoro ni mali ya waliovitengeneza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda, na ofisi inayoshughulikia mambo hayo ni COSOTA. Apate ridhaa ya maandishi kwa kila kazi anayoitumia, hata ya rafiki yake. Urafiki huanza kulegea siku fedha inapoonekana.

Wapo watakaouliza kama karatasi ina maana wakati kila kijana ana simu. Ni swali la haki. Simu inasambaza upesi na kwa gharama ndogo, lakini pale kijijini hata kijana mwenyewe alikiri kwamba wanaoangalia picha bila kulipa ni wengi kuliko wanaolipa. Kitu kinachoshikika bado kina mnunuzi wake, hasa kikiwa kichache. Aidha, soko la andagraundi linaweza kuwa mbali kuliko tunavyodhani. Singeli ya mitaa ya Dar es Salaam iliyokuwa ikidharauliwa kuwa ni kelele za vigodoro, mwaka 2017 ilikusanywa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala katika albamu ya Sounds of Sisso, ikawafikia wasikilizaji wa Ulaya. Mtu wa mbali anayeusikia muziki huo hana anayemweleza umetoka wapi. Anayeishi mtaani na kujua kuandika ana kitu cha kumuuzia.

Basi ushauri wangu kwa mzee ulikuwa huu: asitoe shilingi 600,000, na asimkatishe kijana tamaa. Kijana aende akatafute wasomaji watakaolipa shilingi 1,500 kwa toleo la kwanza kabla halijachapwa, aandike majina yao na kuwapa risiti.

Wiki kadhaa baadaye nilipita tena Ilula. Kijana alikuwa amerudi dukani, na amekuja nyumbani na daftari lenye majina 22, yote yamelipa. Mzee alivaa miwani akayapitia moja moja.

"Humu ndugu zetu ni wangapi?"

"Wanne, baba."

"Basi wateja ni 18. Wakifika wale 34 wa kwenye hesabu, rudi tuzungumze fedha."

Kijana akafunga daftari lake. "Wakifika 34, baba, sitahitaji fedha yako."

Mzee akanitazama, akacheka. Mifuko ya mbolea ilikuwa imekwisha kupangwa ukutani.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.